Viungo vya Askari: Mwendo na Uimara

Mkufunzi anapotoa amri ya "Mguu sawa!", watazamaji wa gwaride huona mstari ulionyooka na buti zilizong'arishwa. Hawaioni kazi inayofanyika ndani ya mwili wa kila askari: nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikipangwa kimoja juu ya kingine, na misuli ikivuta huku na huku ili mwili usiyumbe. Kila kiungo kina kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kuruhusu mwendo. Ya pili ni kuuzuia mwendo usiofaa. Kiungo kikikaza mno, askari hawezi kutambaa wala kurusha. Kikilegea mno, hawezi kubeba mzigo wala kuruka handaki. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hizo mbili zinavyopatanishwa, na kwa nini askari aliyeteguka mara moja huteguka tena mahali palepale.

WALINZI WANNE

Kiungo chochote hulindwa na walinzi wanne. Wa kwanza ni umbo la mifupa yenyewe. Wa pili ni kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Wa tatu ni misuli. Wa nne, ambaye wengi hawamjui, ni mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya kano na misuli. Mishipa hiyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo juu ya hali ya kiungo, hata katika giza ambalo jicho halipenyi. Mifupa na kano hatuwezi kuviamuru. Misuli na mishipa ya fahamu hupokea mafunzo kama kuruta anavyoyapokea.

Mgawanyo wa kazi kati ya walinzi hao haulingani kila mahali. Tazama nyonga na bega. Vyote viwili vina umbo la tufe lililokaa katika kikombe. Kikombe cha nyonga ni kirefu, nacho hulikumbatia tufe la mfupa wa paja kwa zaidi ya nusu yake, kwa kuwa nyonga imeumbwa kubeba mwili. Kikombe cha bega ni kisahani tu. Hulipokea tufe kwa sehemu iliyo kati ya robo na theluthi. Kwa sababu hiyo mkono waweza kufika juu, nyuma na pembeni. Lakini uhuru huo una gharama: katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linalochomoka mara nyingi zaidi. Misuli minne midogo hulizunguka tufe na kulikandamiza kwenye kisahani kila mkono unapoinuka. Mara nyingi bega huchomokea mbele, wakati mkono umeinuliwa pembeni na kuzungushiwa nyuma. Hiyo ndiyo hali ya askari anayetaka kurusha guruneti, au ya polisi aliyeinua rungu kisha mkono wake ukavutwa kwa nyuma.

WENZO NDANI YA MWILI

Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli, aliyefariki mwaka 1679, aliacha kitabu juu ya mwendo wa wanyama kilichochapishwa mwaka 1680 na 1681. Humo alionyesha kwa hesabu kwamba misuli huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito unaobebwa, kwa sababu wenzo wake ni mfupi.

Askari aweza kuithibitisha hesabu hiyo kwa silaha yake. Tuseme ameshika mkononi bunduki ya kilo 4, kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa pembe mraba. Egemeo ni kiwiko. Bunduki iko kiasi cha sentimita 35 kutoka hapo, ilhali msuli wa mbele ya mkono umeshikamana na mfupa kiasi cha sentimita 5 tu kutoka kiwiko. Zidisha 4 kwa 35, kisha gawanya kwa 5. Msuli huo yapasa uvute kwa nguvu inayolingana na kilo 28, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mzigo ukisogezwa karibu na kifua huonekana mwepesi, kwa kuwa wenzo umefupishwa.

Sheria hiyohiyo hutawala nyonga. Katika kila hatua kuna kitambo ambapo mwili husimama kwa mguu mmoja. Misuli ya ubavuni mwa nyonga huvuta ili kiuno kisianguke upande wa pili, nayo nyonga hubanwa kwa nguvu ya mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Shanta mgongoni huongeza hesabu hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa nyonga huambiwa ashike fimbo kwa mkono wa upande ulio mzima: fimbo ikiwa mbali na nyonga inayouma huwa na wenzo mrefu, na msukumo mdogo wa mkono huipunguzia misuli kazi kubwa.

KIFUNDO NA GOTI

Kifundo cha mguu kina siri inayompasa kila askari kuijua. Mfupa unaoingia kati ya mifupa miwili ya muundi ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Vidole vikiinuka, sehemu pana hukaza kama kabari. Vidole vikielekea chini, sehemu nyembamba hubaki na nafasi ya kucheza. Basi anayeruka kutoka kwenye lori na kutua kwa ncha za vidole, au anayeteremka mlima kwa pupa, hukitumia kifundo kikiwa katika hali yake ya udhaifu. Wayo hupindukia ndani, na kano za upande wa nje huchanika.

Goti nalo halina kikombe cha kulihifadhi. Hutegemea kano kuu nne, mbili za pembeni na mbili zilizopishana ndani, pamoja na vipande viwili vya gegedu na misuli ya paja. Kano ya mbele kati ya zile zilizopishana hukatika mara nyingi pasipo mtu yeyote kumgusa majeruhi: hutua goti likiwa karibu kunyooka, kisha likaangukia ndani, au hugeuka ghafla buti likiwa limeganda ardhini.

Askari wa miavuli wamelishughulikia jambo hili kwa makini. Hufundishwa kutua miguu na magoti yakiwa pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, kisha kujiviringisha: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, na ubavu wa mgongo. Kishindo ambacho kingevunja kiungo kimoja hugawanywa mahali patano. Mwaka 1993, katika chuo cha miavuli cha Jeshi la Marekani huko Fort Benning, wanajeshi 745 waligawanywa makundi mawili; kundi moja lilivaa kishikizo cha kifundo juu ya buti. Waliopinduka kifundo walikuwa asilimia 1.9 miongoni mwa wasiokivaa, na asilimia 0.3 miongoni mwa waliokivaa.

MAUMIVU YAKIONDOKA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Uvimbe na maumivu ya kifundo huweza kuondoka baada ya wiki moja au mbili, lakini kano huhitaji miezi kurudisha nguvu zake. Mlinzi wa nne naye hubaki amesinzia. Kiungo hukosa habari, misuli huchelewa kuitika, na mguu hupinduka tena. Mazoezi ya kumwamsha hayana gharama: kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, kuinuka juu ya vidole, kurukaruka kwa mguu mmoja, kukimbia moja kwa moja kabla ya kukimbia kwa kona. Imethibitika kwamba mazoezi ya mizani ya namna hii hupunguza kuteguka upya.

Lakini askari wengi huficha jeraha wasije wakaitwa watega kazi. Ushujaa huo ni wa uongo. Mwenye kifundo kilicholegea, akimbebapo mwenzake aliyejeruhiwa, huwatia wawili hatarini. Nasi tulio na vyeo tunawajibika: tusimcheke anayechechemea, na tusimrudishe mstarini kabla mganga hajaridhika. Bunduki yenye hitilafu huripotiwa bila haya na kupelekwa kwa fundi wa silaha. Kiungo kinastahili heshima hiyohiyo, tena zaidi, kwani gegedu la ndani yake halina mishipa ya damu na likilika halioti tena kwa urahisi. Bunduki nyingine ipo ghalani. Goti jingine halipo.