Betri ya Droni Hujaa Lini?

Nunua betri mbili za droni siku moja, duka moja, zote zimeandikwa 2453 mAh. Zikishatumika mwaka mzima, usishangae ukikuta moja inamaliza msafara wa maharusi vizuri, na nyingine inaanza kulia kabla bibi harusi hajashuka garini. Mwenye droni atakuwa na maelezo yake tayari: hii ni feki, au hii niliisahau kwenye chaja usiku kucha. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli. Lakini mara nyingi kinachoua betri ni kitu kingine, na kinaiua mchana kweupe, mwenyewe akiwa macho.

Tuanze na ile asilimia 100 inayoonekana kwenye skrini ya rimoti. Betri za droni nyingi ni za lithiamu-polima, LiPo kama wanavyoziita warushaji. Ndani ya kila seli kuna pande mbili: upande mmoja grafiti, upande wa pili oksidi ya kobalti, au kobalti iliyochanganywa na nikeli na manganizi. Ukichaji, lithiamu inatoka upande wa kobalti na kwenda kujipenyeza ndani ya grafiti. Droni ikiruka, inarudi ilikotoka. John Goodenough na wenzake walilionyesha hilo la kobalti mwaka 1980 pale Oxford, Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo mwaka 1991, na tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2019 kwa Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Kobalti yenyewe, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani, inatoka Congo, sehemu za Kolwezi na jirani zake, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili hikihiki.

Sasa, seli ya kawaida husemwa imejaa ikifika volti 4.2. Wakati huo upande wa kobalti umetoa takriban nusu tu ya lithiamu yake. Nusu iliyobaki si akiba ya kutumiwa siku ya shida. Ndiyo inayoshikilia umbo la ndani la oksidi hiyo lisiporomoke. Kwa hiyo volti 4.2 si ukingo wa chombo. Ni mahali wahandisi walipokubaliana kusimama, baada ya kupima wanapata nini na wanapoteza nini. Wangesimama kwenye 4.1, betri ingekaa hewani muda mfupi kidogo lakini ingedumu zaidi. Wengine wamebadilisha mchanganyiko wa ndani na kusogea mbele: betri ya droni ya DJI Phantom 4 ina seli nne, kila moja hupelekwa hadi volti 4.35, na ikijaa inasoma 17.4. Betri hizo huitwa LiHV. Seli ya kawaida ukiipeleka kwenye 4.35 umeshaizidishia, hata kama chaja inaonyesha taa ya kijani.

Chaji ikizidi, mambo huharibika pande zote mbili kwa pamoja. Upande wa kobalti unaanza kuporomoka na kutoa oksijeni. Upande wa grafiti hauna tena nafasi ya kupokea lithiamu, kwa hiyo lithiamu inaganda juu yake kama chuma kitupu, na inaweza kuota vijisindano vinavyotoboa utando mwembamba unaotenganisha pande hizo. Katikati yao kuna kimiminika kinachowaka kirahisi. Oksijeni, joto na kimiminika hicho vikikutana ndani ya mfuko uliofungwa, moto wake hauhitaji hewa ya nje, ndiyo maana kuufunika kwa blanketi hakusaidii sana. Mara nyingi, hata hivyo, betri haifiki huko. Kimiminika kinavunjika taratibu na kutoa gesi, na kwa kuwa ganda la LiPo ni karatasi laini ya alumini, gesi hiyo unaiona kwa macho: betri imevimba.

Je, chaji huzidi vipi, wakati kila chaja siku hizi inajizima? Njia ya kwanza ni uzembe mtupu. Kwa wanaotumia chaja za kuchagua wenyewe, hasa warushaji wa droni za mashindano na za kujiundia, kuna mtu anaweka LiHV kwa betri ya LiPo ya kawaida, au anachagua seli nne kumbe betri ni ya seli tatu. Hapo sina la kuongeza zaidi ya kusema soma kilichoandikwa kwenye betri kabla ya kubonyeza.

Njia ya pili ni ya siri zaidi, na inaunganisha habari ya kuzidisha chaji na habari ya betri mbili zisizolingana. Hakuna seli mbili zinazotoka kiwandani zikiwa sawasawa kabisa. Tabaka lililopakwa linaweza kuwa nene kidogo hapa na jembamba pale. Baadaye matumizi yanaongeza tofauti: seli ya katikati imebanwa na wenzake, hupoa polepole, kwa hiyo huzeeka mapema. Na seli zote zimeungwa mfululizo, mkondo wa umeme ni uleule kwa zote. Ni kama kumimina kahawa kwenye vikombe vitatu kwa kipimo kimoja ilhali kimojawapo ni kidogo: hicho kitafurika kabla vingine havijajaa.

Chukua betri ya seli tatu. Ikijaa inapaswa kusoma volti 12.6, yaani 4.2 mara tatu. Chaja inayopima jumla tu itaona 12.6 na kuzima, roho imetulia. Lakini pima seli mojamoja, unaweza kukuta 4.32, 4.20 na 4.08. Jumla yake? Ni 12.6 ileile. Seli moja imezidishiwa, nyingine haijajaa, na skrini inasema kila kitu kiko sawa. Kesho yake droni ikiwa juu, ile seli dhaifu yenye uwezo mdogo ndiyo itakayoshuka chini ya volti 3 mapema, nayo inaumizwa kwa upande wa pili. Kila mzunguko inazidi kudhoofika, na kwa kuwa betri nzima haiwezi kushinda seli yake mbovu kuliko zote, dakika za kuruka zinapungua.

Ndiyo kazi ya ule mkia wa waya nyembamba wenye plagi ndogo nyeupe, ambao wengine huuacha unaning'inia kwa sababu betri "inachaji tu bila huo". Betri ya seli tatu ina waya nne hapo. Chaja ya balansi hupitia waya hizo kusoma kila seli na kuipunguza iliyotangulia mpaka zilingane. Fundi mwenye multimita anaweza kupima mwenyewe kati ya pini na pini inayofuata. Tofauti ya volti 0.01 au 0.02 si neno. Ikifika 0.1 baada ya balansi kamili, mimi nisingeirusha betri hiyo juu ya watu. Betri zenye akili, kama za DJI, zina kibao cha elektroniki kinachofanya kazi hiyo ndani kwa ndani, na hiyo ni moja ya sababu za bei yake. Ukinunua ya bei ya kutupa isiyo na jina, kibao hicho ndicho sehemu rahisi ya kubania gharama.

Na ile hofu ya kuacha kwenye chaja usiku kucha? Nusu yake ni kweli. Kabla ya betri za lithiamu kusafirishwa hupitia majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayoitwa UN 38.3, na mojawapo, kwa betri zinazojilinda zenyewe, ni kuzichaji kwa mkondo mara mbili ya kiwango cha juu kilichopendekezwa kwa saa 24, kisha kuzitazama siku 7. Zisilipuke, zisiwake. Betri nzima yenye chaja yake halisi, basi, haitaungua kwa sababu tu ulilala. Ila usimwambie mtu kwamba nimeruhusu: betri iliyowahi kuanguka au kuvimba haimo kwenye hesabu hiyo, na moto wa chumbani saa nane usiku hauna wa kuuwahi.

Madhara makubwa ya usiku kucha yako kwingine. Betri iliyojaa kabisa inazeeka hata ikiwa imekaa kabatini, na joto linaharakisha uzee huo. Mpiga picha anazijaza betri zote Alhamisi, harusi ni Jumamosi, mwenye harusi anaahirisha, betri zinakaa zimejaa kwenye buti la gari Dar es Salaam kwa wiki mbili. Hakuna chaja iliyokosea, na bado betri zimeumia. Watengenezaji wanalijua hili. Betri ya Phantom 4 isipoguswa zaidi ya siku 10 hujipunguza yenyewe hadi chini ya asilimia 65. Isiyojipunguza, iache kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, ijaze siku ya kazi au usiku wa kuamkia kazi. Na ikitua ikiwa ya moto, isubiri. Betri ya droni ya DJI Mini 3 huchajiwa kati ya nyuzijoto 5 na 40. Ikikataa kuanza kuchaji mara tu baada ya kutua, haijaharibika, inakulinda.

Turudi kwenye namba ya 2453. Kwa kawaida mAh, yaani miliampia-saa, hupimwa maabara, joto la wastani, betri ikimaliziwa polepole kwa muda wa kama saa tano. Droni inataka umeme huohuo kwa nusu saa. Mkondo ukiwa mkubwa, sehemu ya volti hupotelea kwenye ukinzani wa ndani ya seli, na ukinzani huo hukua kadiri betri inavyozeeka. Kwa hiyo betri ya miaka mitatu inaweza kuwa bado ina umeme wake mwingi, ila hautoki kwa kasi inayotakiwa: unapandisha kasi ghafla, volti inaanguka, droni inaamua kurudi nyumbani. Baridi hufanya hivyohivyo. Anayerusha Njombe alfajiri ya Julai ataona asilimia zinashuka kwa kishindo, kisha betri ikipata joto mambo yanatulia.

Ukitaka kulinganisha betri, acha mAh, soma Wh, yaani wati-saa. Ndiyo namba wanayoiangalia hata mashirika ya ndege: hadi 100 Wh unaibeba kwenye mzigo wa mkononi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa. Na Wh zina uzito wake, hapo ndipo mzani wa jikoni unapofichua uongo. Betri ya kawaida ya Mini 3 ina 18.1 Wh na gramu 80.5, ile kubwa ina 28.4 Wh na gramu 121. Zote mbili ni kama Wh 225 hadi 235 kwa kilo. Ukiletewa betri ya gramu 80 iliyoandikwa 28 Wh, kwa teknolojia iliyomo madukani leo, mrudishie muuzaji. Betri kubwa yenyewe haileti miujiza: umeme umeongezeka kwa asilimia 57, lakini muda wa kuruka, kwa vipimo vya mtengenezaji, umepanda kutoka dakika 38 hadi 51, kama theluthi hivi, maana droni sasa inabeba pia uzito wa betri. Tena inavuka gramu 250, mpaka ambao sheria za nchi nyingi huutumia kuamua nani asajili droni yake.

Betri iliyovimba haina fundi. Usiitoboe kutoa gesi, usiibane irudi kwenye nafasi yake, usiirushe mara moja ya mwisho. Iweke nje, juu ya mchanga mkavu, mbali na kinachowaka, kisha utafute wanaopokea taka za elektroniki. Pipa la taka la kawaida, ambalo gari litakuja kuligandamiza, si mahali pake.