Plagi za gari lako: soma namba mbili kabla ya kuweka PIN

Umetoka Mazeras asubuhi, unapanda kuelekea Rabai. Gari dogo la petroli, abiria wanne, na nyuma umebeba magunia mawili ya unga wa duka. Kwenye tambarare lilikuwa linaenda vizuri. Mlima ulipoanza, likaanza kutetemeka na kukohoa, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Unakanyaga mafuta, gari haliitiki. Unaegesha kando, unampigia fundi. Kabla hata hajaliona gari, anakuambia: "Hizo ni plagi, bosi. Nitumie pesa niwahi dukani nikuchukulie orijino."

Tulia kidogo hapo. Pesa yako inaweza kupotea mara mbili kwa siku moja: mara ya kwanza kwa plagi zisizofaa gari lako, mara ya pili kwa malipo ambayo huwezi kuyafuatilia. Dawa ya yote mawili inafanana. Kuna namba mbili za kusoma kabla ya kuweka PIN: namba iliyo kwenye plagi, na namba ya yule unayemlipa.

Kwa nini gari linalalamika mlimani?

Plagi kazi yake ni moja: kurusha cheche kwenye mwanya mdogo wa karibu milimita 1, ili mchanganyiko wa hewa na petroli uwake ndani ya silinda. Injini ya kawaida ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inarusha cheche mara 1,500 katika dakika hiyo hiyo. Kila cheche inakula chuma kidogo. Baada ya maelfu ya kilomita ncha inaisha, mwanya unapanuka, na umeme unahitaji nguvu zaidi kuuruka.

Ukipanda mlima na mzigo, hewa na petroli vinabanwa kwa nguvu zaidi ndani ya silinda, na cheche inapata shida zaidi kuruka. Ndiyo maana plagi iliyochoka inaweza kujificha kwenye tambarare, halafu ikakuaibisha mlimani.

Ukiendelea kuendesha hivyo, petroli isiyowaka inatoka na moshi na kuunguza kile kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi. Koili nazo zinafanya kazi kupita kiasi. Koili moja huwa na bei kuliko plagi, kwa hivyo kuchelewa nako kuna gharama yake.

Angalia kwanza, lipa baadaye

Si kila mtetemeko ni plagi. Huenda ni koili, chujio la hewa lililoziba, nozeli chafu, au mafuta mabaya. Mwambie fundi azitoe plagi zote na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake, mzitazame pamoja. Rangi inasema mengi:

- Kahawia hafifu au kijivu: injini inachoma vizuri. Kama mwanya umepanuka, plagi imezeeka tu.
- Nyeusi yenye masizi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa kwanza.
- Nyeusi iliyolowa oili: oili inavuja kuingia kwenye silinda. Plagi mpya hazitaponya hilo, zitachafuka tena.
- Nyeupe yenye malengelenge: kuna joto kupita kiasi. Huenda plagi ni ya aina isiyofaa, au injini yenyewe ina tatizo.

Kama gari lina koili juu ya kila plagi, mwambie fundi ahamishe koili ya silinda inayokosa kuwaka aipeleke silinda nyingine. Tatizo likihama pamoja na koili, basi mkosaji ni koili. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kukuokolea bei ya plagi 4 ambazo hazikuwa na kosa.

Namba ya kwanza: iliyo kwenye plagi

Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani. Kitabu chake, kama kipo, huenda kimeandikwa Kijapani, lakini usikitupe. Namba za plagi huandikwa kwa herufi na tarakimu tunazozisoma sote. Kama kitabu hakipo, fungua boneti utafute kibati chenye namba ya injini na ya chesisi. Kwenye Probox na Fielder nyingi, kwa mfano, utaona injini ni 1NZ-FE. Ukiwa na namba ya injini, namba ya chesisi na mwaka wa gari, muuzaji makini ataangalia kwenye katalogi ya mtengenezaji wa plagi.

Usitegemee tu plagi iliyotolewa. Huenda aliyekuuzia gari naye alifungiwa isiyofaa.

Namba yenyewe si ya bahati nasibu, kila herufi ina maana. Chukua NGK iliyoandikwa BKR5E-11. B ni unene wa nyuzi, milimita 14. K inaonyesha kichwa cha spana ya milimita 16. R ni kizuizi kinachopunguza mikwaruzo ya redio. 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Denso wana maandishi yao: kwenye K16R-U11, 16 ndiyo kiwango cha joto na 11 ni mwanya ule ule wa milimita 1.1. Hii ni mifano ya kukufundisha kusoma. Gari lako lifuate namba yake lenyewe.

Urefu wa nyuzi si jambo la kubahatisha. Plagi fupi inajificha ndani ya tundu lake na kujaa masizi. Ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni, na hapo hatuzungumzii plagi tena, tunazungumzia injini nzima.

Kiwango cha joto nacho kinachanganya watu. Kwa NGK na Denso, namba kubwa inamaanisha plagi baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kwa hivyo akikuambia "hii ni 7, ni kali kuliko 5", usikubali. Ncha ya plagi inahitaji kupata joto la nyuzi 450 hivi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini isipite 800 sana, kwani itaanza kuwasha petroli kabla ya wakati. Gari la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule halihitaji plagi ya mashindano.

Nikeli au iridiumu?

Plagi za kawaida zina ncha ya nikeli, na nyingi hubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Iridiumu ni chuma kigumu kisichoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,400, kwa hivyo ncha yake hutengenezwa nyembamba na bado ikadumu. Za iridiumu za maisha marefu hufika kilomita 100,000. Angalia hapo: si kila yenye jina la iridiumu ni ya maisha marefu. Soma maelezo ya mtengenezaji.

Tupige hesabu ya mfano tu, si bei ya duka lolote. Tuseme ya nikeli ni shilingi 400 na ya iridiumu ni 1,200. Gari la plagi 4 litahitaji 1,600 au 4,800. Ukiendesha kilomita 100,000 na nikeli za kubadilisha kila 25,000, utanunua seti 4: shilingi 6,400, na fundi umemlipa mara 4. Kama gari utakaa nalo, iridiumu ni nafuu. Kama utaliuza mwakani, na mtengenezaji wa gari anaruhusu nikeli, nikeli yatosha. Lakini gari lililotengenezwa litumie iridiumu, lifungie iridiumu.

Hesabu yote hiyo inaanguka kama plagi ni feki. Kagua kabla ya kulipa: maandishi kwenye kauri yawe safi na yaliyonyooka, nyuzi ziwe laini, ncha zikae katikati, washa yake isidondoke hovyo, na zote 4 ziwe na namba moja. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine, jiulize kwa nini. Boksi zuri si ushahidi, boksi nalo huigwa. Ukigundua umeuziwa feki, Kenya ina mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Unaweza kupeleka malalamiko huko, na ushahidi wako wa malipo utakusaidia.

Namba ya pili: ya anayelipwa

Turudi pale kando ya barabara, fundi akisubiri utume pesa. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Hata hivyo, mpango mzuri unamlinda yeye pia, asije akashukiwa bure. Fanya hivi:

1. Tenganisha pesa ya spea na pesa ya ufundi. Spea ilipe moja kwa moja kwa duka. Ufundi mlipe fundi, kazi ikiisha na gari likipanda mlima.

2. Omba picha kabla ya malipo. Fundi akiwa dukani, akutumie picha ya plagi zenyewe, namba ikisomeka. Ilinganishe na namba ya gari lako.

3. Lipa kwa till ya duka. Ukiambiwa "till ina shida, tuma kwa namba hii ya kijana wangu", piga simu kwa duka lenyewe uthibitishe, au nenda duka jingine.

4. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Jina linalotokea kwenye simu lifanane na la duka. Kama halifanani, futa uanze upya. Haraka ya fundi isiwe haraka yako.

5. Omba risiti inayoandika namba ya plagi na idadi yake. Ujumbe wa malipo unaonyesha ulimlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Hausemi ulinunua nini. Risiti na ujumbe vikikaa pamoja, una ushahidi kamili.

6. PIN ni yako peke yako. Usimpe fundi, hata kama mikono yako imejaa grisi na simu iko kwake.

Ukigundua umelipa namba isiyo sahihi, ripoti papo hapo kupitia huduma kwa wateja. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha kunakuwa kugumu zaidi.

Wakati wa kufunga

Injini iwe imepoa. Plagi ianze kuingizwa kwa mkono, isilazimishwe kwa spana, maana nyuzi za kichwa cha injini ni za aluminiamu na zikiharibika ni kazi kubwa. Fundi asiye na spana ya kupimia nguvu akaze kwa mkono mpaka igote, kisha plagi mpya yenye washa aizungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Asiigonge wala kuikunja ncha ya iridiumu, ni nyembamba. Mwisho, dai plagi zako za zamani. Zikiwa mkononi mwako, unajua kweli zimebadilishwa.

Na ili siku hiyo isikukute mikono mitupu, weka shilingi 30 kila siku kwenye akiba ya simu. Baada ya siku 160 una 4,800, seti nzima ya mfano wetu.

Leo jioni, kabla gari halijakohoa, fungua boneti. Andika namba ya injini na ya chesisi kwenye simu, kwenye orodha ya majina, uipe jina "Plagi". Ukishapata namba sahihi ya plagi, iongeze hapo hapo. Siku fundi atakapopiga akisema "nitumie pesa", wewe utamjibu: "Nitumie picha kwanza."