Lugha ya Watoto, Sehemu ya Tatu: "Nipe Hiyo Adabu Niishike"

Wiki ile ya Siku ya Kiswahili Duniani, ndani ya matatu ya nambari 46 iliyokuwa ikitoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kawangware, mtoto wa kama miaka mitatu alisimama juu ya kiti akagonga dirisha kwa kijiko. "Shika adabu wewe!" mama yake akamkemea. Mtoto akakiweka kijiko chini, akamgeukia, akakinga kiganja. "Iko wapi? Nipe niishike." Konda alicheka hata akasahau chenji ya watu.

Mtoto yule hakukosea lolote. Kila siku anaambiwa ashike kijiko, ashike mkono wa dada, ashike chuma matatu ikikata kona. Kitenzi anakijua barabara. Kilichokosekana ni adabu yenyewe. Vivyo hivyo mwingine pale steji ya Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Makanga wanawaita abiria "Beba! Beba!" naye anainua mikono, anangoja abebwe.

Kwamba watoto hufuata kanuni hata wanapoonekana kukosea, wataalamu pia wameliona, akiwemo mwanaisimu Kamil Ud Deen. Alichunguza usemi wa watoto wanne wa hapa Nairobi, na mwaka 2005 akachapisha kitabu kuhusu namna Kiswahili kinavyopatikana utotoni. Aligundua kwamba viambishi vya mwanzo wa kitenzi, yaani vipande vifupi vinavyotangulia mzizi wake, ndivyo vinavyodondoka. Mtu mzima husema "nitaanguka". Mtoto husema "taanguka", au "anguka" peke yake. Kuna utaratibu katika kudondosha huko. Huko Marekani nako, mwaka 1958, mtafiti wa lugha Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe wa kubuni aliyempa jina wug, kisha picha ya wawili. Watoto wakautaja wingi wake bila kufunzwa na mtu, kwa sababu kanuni walikuwa nayo tayari vichwani.

Anayedhani huo ni utoto tu na akitazame kitabu alichoshika mkononi. Neno hilo limetoka Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo si kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe. Mwarabu akitaja vingi husema kutub. Waswahili wa kale walisikia "ki", wakakumbuka kiti na viti, wakasema vitabu. Hakuna aliyewacheka. Karne nyingi baadaye walikuja Waingereza na magari yao yenye mudguard. Mafundi wakasikia "ma" ya wingi, wakaing'oa, wakabaki na digadi moja. Kule Tanzania maandishi ya keep left barabarani yakazaa kipilefti, na palipo kipilefti, vipilefti havikosi. Hayo yote yalifanywa na watu wazima wenye ndevu, kwa akili ile ile ya mtoto wa matatu ya 46.

Nairobi yenyewe inaendelea kufanya hivyo. Kiswahili sanifu kinataka "njoo" na "njooni". Kuanzia tao hadi Uthiru watu wanasema "kuja" na "kujeni", kitenzi kimelainishwa kifanane na wenzake. Mtoto wa Kawangware anasema "kagari" na "tugari", akitumia kiambishi cha udogo ambacho Kiswahili sanifu hakina, lakini kimo katika Kikikuyu na Kikamba cha majirani zake. Mwalimu akimwambia hiyo si lugha, amekosea mwalimu.

Inasikitisha, basi, kuona maneno haya ya watoto yanavyopokelewa. Katika baadhi ya nyumba za Lavington na Kileleshwa mtoto akiuliza jambo la ajabu anapewa simu anyamaze. Kwingine anaambiwa "wacha ujinga". Wengine wanamrekodi, wanamwagiza arudie, kisha wanamsambaza mtandaoni wageni wamcheke, na swali lake linabaki bila jibu. Kucheka si dhambi. Kumcheka mtoto ukamwacha hapo ni kumnyima kitu alichokuja kutafuta kwako, na mzazi anayefanya hivyo hana haki ya kulalamika baadaye kwamba mwanawe hajui Kiswahili.

Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021, huadhimishwa kila tarehe 7 Julai kwa hotuba na mashairi. Ingefaa siku hiyo pawe na daftari moja katika kila shule ya chekechea, mwalimu aandike humo wanayoyasema watoto, jinsi wanavyoyasema.

Mama wa kwenye matatu alimjibu mwanawe. Alimshusha kitini akamkalisha pajani, akamweleza kwamba adabu haionekani, kuishika ni kukaa vizuri na kuacha kusumbua watu. Mtoto akakaa, mikono magotini. Walipofika karibu na Yaya Centre akanong'ona, "Mama, bado nimeishika. Nikuwekee kwa mkoba?"