Nilipeleka picha, wakaniuliza pointi!

Washikaji, leo sina masihara mengi. Wiki hii mtoto wa dada yangu mkubwa, aliyeko kidato cha sita, kanitolea mpya. Kafika kwangu jioni, kajimwaga kwenye kochi, kasema bila kupepesa macho: "Mjomba, mie hivi vitabu nimevinyooshea mikono. Nakwenda chuo kusoma sanaa na ubunifu. Kule wanaangalia mkono tu."

Mkono anao, sibishi. Dogo akikuchora, hata madeni yako yanaonekana usoni. Lakini niliposikia hilo neno "mkono tu", chai ilinipalia. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2017, na malipo yake nayakumbuka hadi leo.

Enzi hizo nilikuwa staa wa kuta. Kila kinyozi mtaani kwetu alikuwa na kichwa nilichomchorea mimi. Wenzangu wakipiga msuli usiku, mimi napiga brashi. Historia ya nini? Jiografia ya nini? Mimi msanii bwana!

Matokeo yakatoka: Kiswahili D, Historia E, Jiografia S. Sikushtuka hata kidogo. Nikatia picha zangu 20 kwenye bahasha kubwa ya kaki, nikaazima shati la kaka, huyoo, hadi ofisi ya udahili ya chuo kimoja.

Mama niliyemkuta pale alizitazama picha zote, akawaita na wenzake waje waone. Nikajua nimeula. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kipaji unacho. Pointi zako ngapi?"

"Tatu, mama. Shikamoo."

Akazirudisha picha kwenye bahasha taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Marahaba. Zinatakiwa nne, baba."

Ndugu msomaji, chukua kalamu, hesabu hii si ngumu. Kwa kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S haihesabiwi prinsipo, usijidanganye nayo. Kwa hiyo D mbili zinakuvusha. C na E zinakuvusha. D na E, kama zangu, zinakuacha getini na bahasha yako. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, kwa kuwa alama zilibadilishwa miaka hiyo.)

Halafu hicho ni kizingiti cha nchi tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo: masomo gani yanahesabiwa, na wakati mwingine ulipata nini kidato cha nne. Yote yamo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Usome mwenyewe, usisimuliwe kijiweni. Na jirani zetu msidhani mmepona: Kenya, kuingia digrii kunataka wastani wa C+ kwenye mtihani wa KCSE, hata uwe unachora mpaka picha inapumua.

Uingereza ndiko mkoba wa kazi zako unapopewa uzito mkubwa. Wanataka kuona michoro, majaribio, hata ulivyokosea na kurekebisha, na wengi huanza na mwaka mmoja wa msingi kabla ya digrii yenyewe. Lakini hata huko vyeti havitupwi kapuni.

Mimi je? Niliingia mlango wa pembeni, diploma. Mwenye diploma anatakiwa awe na angalau D nne za kidato cha nne na GPA isiyopungua 3.0. Nilitoka na 3.4, nikapokelewa digrii mwaka 2019. Mlango huo si wa aibu, lakini si wa bure. Pointi moja ilinila miaka miwili, na ada ya mwaka wa kwanza mama aliilipa kwa kuuza cherehani yake. Kila nikishika brashi naisikia ile cherehani.

Na huko ndani nilikuta nini? Uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, usanifu wa matangazo, na, shika roho yako, historia ya sanaa! Historia niliyoikimbia ilikuwa imenitangulia, imekaa kiti cha mbele inanisubiri.

Nikamweleza dogo yote hayo. Akanijibu kijanja: "Mjomba, kwani Tingatinga alikuwa na digrii?"

Hakuwa nayo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Akafariki 1972, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Sam Ntiro yeye alipita darasani: Makerere, kisha chuo cha Slade kule London, na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika huko huko London. Wote wawili wachoraji, kila mmoja na njia yake.

"Kuchora hakuombi cheti," nikamwambia. "Digrii ndiyo inayoomba. Ukitaka kuchora tu, kachore leo, hakuna atakayekuzuia. Ukitaka kufundisha chuoni, au kuomba kazi ambayo tangazo lake limeandikwa shahada, basi zitafute hizo pointi nne kabla hujatafuta fremu."

Alinyamaza. Baadaye akaomba kalamu, akainama kwenye daftari lake la Historia. Nikafurahi, nikajua ananukuu. Kumbe ananichora mimi, bahasha kwapani, nimesimama nje ya geti.

Picha ilikuwa kali, sikatai. Lakini ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: D + D = 4. Mtihani ni mwezi Mei. Dada, nimejitahidi, lililobaki ni lako.

Tukutane wiki ijayo!