Kihisi cha king'ora cha gari kifungwe wapi?

KING'ORA cha gari kinacholia ovyo usiku kucha hakimlindi mwenye gari. Majirani hukizoea, naye mwenyewe akichoka hukizima, na hapo mwizi hupata nafasi. Mara nyingi kasoro haiko katika king'ora chenyewe, bali mahali kilipofungwa kihisi cha mtikisiko, kile kifaa kidogo kinachotambua kioo kikigongwa au mlango ukitikiswa.

Kihisi hicho hupokea mtikisiko unaosafiri kupitia chuma cha gari. Kwa hiyo mahali panapofaa ni ndani ya gari, karibu na katikati, chini ya dashibodi, kikiwa kimekazwa kwa skrubu au mikanda ya plastiki kwenye chuma imara kinachoshikilia usukani. Hapo pigo la upande wowote hukifikia. Kikifungwa kwenye bati jembamba la bodi, hushtuliwa hata na lori linalopita au radi. Kikiachwa kikining'inia kwenye nyaya, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka, hata kioo kikivunjwa huenda kisishtuke. Chini ya boneti hapafai, kwa sababu ya joto na maji. Fundi ajihadhari pia na nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida huwa za manjano.

Kikishafungwa, hurekebishwa kwa kugeuza skrubu yake kidogo kidogo, milango ikiwa imefungwa, huku nguzo ya kioo cha mbele ikipigwa kwa kiganja. Vihisi vingi vina hatua mbili: pigo jepesi huleta mlio mfupi wa onyo, pigo zito huamsha king'ora chote.