Mawe ya Ukambani (2): Bonde Lililogeuka Mlima

Katika sehemu ya kwanza tulitazama naisi, mwamba mkongwe uliobeba Ukambani yote, uliopikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Leo tunashuka mtoni.

Msafiri anayetoka Kibwezi kwenda Ikutha na Mutomo huvuka mto Athi, mpaka wa Makueni na Kitui. Ng'ambo hukingama ukuta mrefu, bapa juu, usio na kilele. Hiyo ndiyo Yatta. Wengi huipita wakidhani ni kilima kama vingine, kumbe ni mkondo mmoja wa lava wenye urefu wa kilomita 300 hivi, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Huanzia pande za Ol Doinyo Sabuk na kuishia ndani ya Tsavo Mashariki.

Lava ilisafirije umbali huo bila kutawanyika? Ilipata bonde la mto. Miaka milioni 13.5 hivi iliyopita, volkeno za upande wa mashariki wa Bonde la Ufa zilitapika lava, nayo ikafuata njia ambayo maji yalikuwa yameshachimba. Ilipopoa ikawa fonolaiti, jiwe gumu ambalo ukiligonga kwa nyundo hulia kama chuma. Kingo za bonde zilikuwa za mwamba uliochakaa. Mvua ikazila, zama baada ya zama, huku lava ikibaki imesimama. Kilichokuwa chini kikawa juu. Leo Athi hupita magharibi ya Yatta na Tiva mashariki yake.

Anayekuja hapa na habari za visukuku vya Turkana kichwani huvitafuta. Ndani ya lava asitarajie kuviona, kwa kuwa mifupa huhifadhika katika mashapo ya mto au ziwa, nayo lava huunguza inachokifunika. Yatta imehifadhi kitu kingine: mteremko wa nchi ulivyokuwa zamani. Mwaka 2010 mtafiti Henry Wichura na wenzake walipiga hesabu ya mteremko uliohitajika ili lava hiyo ifike mbali hivyo, wakaona kuwa mahali ilipotoka palikuwa na mwinuko wa mita 1,400 au zaidi.

Hesabu hiyo ina mwenzake. Mwaka 1964, huko Loperot, Turkana, kilichimbuliwa kisukuku cha nyangumi wa miaka milioni 17, kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo. Nyangumi huyo alipanda mto akapotea njia, na hangeweza kufika huko kama nchi isingekuwa karibu na usawa wa bahari. Ukiweka nyangumi na Yatta pamoja, unapata kipindi ambacho Afrika Mashariki ilianza kuinuka. Kuinuka huko kulisaidia kupunguza mvua na kuachia nyasi nafasi ya misitu, na inadhaniwa kuwa katika mazingira hayo ndimo wazee wetu wa kale walimojifunza kutembea kwa miguu miwili.

Anayetaka kuona maji yakiendelea na kazi ya kula mwamba, aufuate mto Athi hadi Tsavo Mashariki. Athi ukishaungana na mto Tsavo huitwa Galana, na mbele kidogo ndipo yalipo maporomoko ya Lugard. Hapo mto mpana hubanwa katika nyufa nyembamba za naisi. Kokoto zinazozungushwa na maji zimetoboa mashimo ya mviringo na kuulainisha mwamba. Kiangazi ndio wakati mzuri, maana mwamba huwa wazi. Usisogee ukingoni: jiwe lililosuguliwa huteleza, na chini kuna mamba.

Walimu wa jiografia wa Kibwezi, Ikutha na Mutomo wana darasa ambalo vyuo vya mbali hutuma watafiti kulisoma. Wawapeleke wanafunzi wao wakalione, wagonge jiwe, wapime mteremko.

Juma lijalo tutapanda Chyulu, ambako lava ni changa kiasi kwamba mimea bado haijamaliza kuifunika.