Mama Mkulima, Jina Lako Limo Katika Daftari la Mbolea?

Mvua za Novemba zinapoanza kushika huko Kahama na Shinyanga Vijijini, kila mkulima anataka mbolea siku ile ile. Foleni kwa wakala hupinda kona. Tuseme, msomaji mpendwa, kwamba katika foleni hiyo yupo mama aliyeamka saa kumi ya usiku, fedha zake amezifunga katika pindo la khanga. Zamu yake inafika, wakala anamwuliza namba ya usajili. Hana. Jina lililoandikishwa kwa ajili ya shamba lile ni la mumewe. Ujumbe wenye namba ulikwenda katika simu ya mumewe, naye yuko machimboni Nyarugusu tangu mwezi wa nane, mahali ambapo simu hushika mtu akipanda juu ya kifusi.

Wakala hana kosa hapo, na mama naye hana. Lakini mbolea ya ruzuku huuzwa kwa mwenye namba, si kwa mwenye jembe. Mama huyo atachagua kununua kwa bei ya dukani, kama fedha zinatosha, au atarudi nyumbani na kupanda mahindi yake bila kitu.

Katika ukanda wetu wa dhahabu jambo hili lina uzito wa pekee. Toka Mwakitolyo hadi Rwamgasa, toka vilima vya Mgusu hadi Mbogwe, wanaume wengi huondoka nyumbani mara baada ya mavuno kwenda kutafuta riziki chini ya ardhi. Wengine hurudi baada ya wiki mbili, wengine baada ya miaka miwili. Anayebaki kulima, kupanda, kupalilia na kulisha watoto ni mama. Hata hivyo mtendaji anapopita kuandikisha wakulima na kuuliza, "Mkulima wa kaya hii ni nani?", mara nyingi mama huyo huyo ndiye anayejibu kwa kutaja jina la baba. Amelelewa hivyo. Ni heshima njema, ila safari hii ina gharama, na inafaa tuitazame.

Kutoka vocha hadi namba

Serikali kumpunguzia mkulima bei ya pembejeo si jambo geni. Wengi mnakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/2009. Mkulima wa mahindi au mpunga alipewa vocha za kutosha ekari moja, serikali ikalipa karibu nusu ya gharama naye akaongeza nusu nyingine. Kwa maandishi mpango ule uliwajali akina mama: kamati ya vocha ya kijiji ilitakiwa kuwa na wajumbe sita, watatu wao wanawake, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kutangulizwa. Kwa vitendo mambo yalikwenda vingine. Utafiti mmoja uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu asilimia 60 ya vocha ziliishia kwa viongozi wa vijiji wenyewe. Mjane wa mwisho wa kijiji alisikia habari za vocha zilipokuwa zimekwisha gawanywa.

Mpango wa sasa ni wa namna nyingine. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda kupita kiasi duniani, kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha vita vya Ukraine. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku huko Mbeya. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambayo ni mbolea ya kupandia, ulikuwa umefika zaidi ya shilingi 130,000; kwa ruzuku ukauzwa 70,000. Urea, mbolea ya kukuzia, ilishuka kutoka zaidi ya 120,000 hadi 70,000 vilevile. Mpango umeendelea katika misimu iliyofuata, na bei hutangazwa upya, kwa hiyo usishike bei ya mwaka ule kichwani ukagombana na wakala.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Ekari moja ya mahindi huhitaji mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea. Kwa bei za msimu ule wa kwanza, aliyeandikishwa alilipa 140,000. Asiyeandikishwa alilipa zaidi ya 250,000. Tofauti ni zaidi ya laki moja kwa ekari moja tu. Mama anayelipa vibarua wa palizi na kununua madaftari ya watoto anajua laki moja ni kitu gani.

Kuandikishwa kwenyewe hufanyika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa afisa ugani, na hakuna ada. Atakayekuambia utoe "ya soda" ili jina liingie, huyo anakuibia. Utaulizwa jina, kitambulisho, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao unayolima. Taarifa huingizwa katika daftari la kompyuta linalosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, kisha unapata namba yako. Kiasi cha mbolea utakachouziwa hufuata ekari ulizotaja. Ukitaja ekari moja kwa kuogopa kwamba watakutoza kodi, huku unalima tatu, utapewa mbolea ya ekari moja. Na usitaje kumi ulizo nazo ndotoni.

Simu ya nani?

Hapa ndipo penye mgogoro ndani ya nyumba nyingi, na tuuseme wazi.

Baba anaweza kuuliza, "Kwa nini uandikishwe wewe, kwani mimi nimekufa?" Si lazima mama aingie vitani. Yapo mashamba ya familia, na lipo shamba la mama mwenyewe: majaruba aliyopewa na wazazi wake, au ekari mbili za mahindi anazolima kwa mkono wake wakati baba ana pamba yake. Shamba la mama liandikwe kwa jina la mama. La familia liandikwe kwa jina la yule atakayekuwapo nyumbani siku ya kununua mbolea, na mazungumzo hayo yafanyike kabla baba hajafunga begi kwenda machimboni. Mume mwenye kupenda watoto wake ataelewa akielezwa ile hesabu ya laki moja. Asipoelewa, walau akuachie namba ya usajili ikiwa imeandikwa katika daftari, si katika simu inayokwenda naye shimoni.

Suala la simu lina historia yake. Tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa mwisho wa kutumia laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na baada ya hapo laini zilianza kufungwa. Wanawake wengi vijijini hawakuwa na kitambulisho wakati ule, kwa hiyo walisajiliwa laini kwa jina la kaka, shemeji au mtoto. Kama wewe ni mmoja wao, kazi yako ya kwanza si mbolea bali ni kitambulisho, kisha laini yako mwenyewe. Hata simu ya tochi yenye vitufe inatosha, maana ujumbe wa namba ni maandishi tu.

Mjane ana shida yake. Mume amefariki, jina lake bado limo, laini yake imekwisha fungwa, na mashemeji wanaanza kuulizia shamba. Mama, nenda kwa mtendaji ukaombe taarifa zihuishwe ziwe kwa jina lako. Ukiambiwa kwamba kwa mila mwanamke hana ardhi, kumbuka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji linaijua, au linapaswa kuijua.

Fedha ya pamba ikiwa bado mkononi

Sasa tarehe. Mwaka wa mbolea huanza Julai na kwisha Juni. Siku ya mwisho ya kuandikisha au kuhuisha taarifa hutangazwa na serikali kila msimu, nayo huweza kusogezwa mbele, jambo ambalo limetufundisha tabia mbaya ya kungoja isogezwe. Lakini kuna tarehe nyingine ambayo haisogezwi na waziri yeyote, nayo ni ya mvua.

Geita mvua za vuli huanza mapema, mara nyingi Septemba au Oktoba. Shinyanga tunangoja hadi Novemba. Mbolea ya kupandia inayofika baada ya mahindi kuota ni mbolea ya kupamba ghala. Tena tazama kalenda ya fedha. Pamba hununuliwa kuanzia Mei, mpunga na mahindi huuzwa Juni na Julai. Hiyo ndiyo miezi ambayo nyumba ina fedha. Ikifika Oktoba, harusi zimekwisha zikala, ada zimekwisha zikala, na mama anaanza kuuza kuku ili apate nauli ya kwenda kwa wakala. Kwa maoni yangu, aandikishaye jina Julai na kununua DAP Agosti, hata mfuko mmoja, amefanya zaidi ya anayefuata matangazo ya redio Novemba nzima. Mfuko ukikaa pakavu, juu ya mbao na si sakafuni, hauharibiki kwa miezi mitatu.

Msimu wa 2022/2023 ulionyesha hatari ya kuchelewa. Mawakala wengi walikuwa mijini, wakulima wakasafiri mbali, wengine wakalala kwenye foleni. Baadaye vituo viliongezwa na vyama vya ushirika vya msingi vikaingia katika kuuza, nafuu kubwa kwa mama asiyeweza kuacha mtoto mchanga nyumbani siku mbili. Uliza kama chama chenu cha msingi ni kituo. Wanaolima tumbaku huko Kahama na Bukombe wao hupata mbolea ya zao hilo kwa mkopo kupitia chama. Hiyo ina daftari lake na deni lake, usiichanganye na hii ya mahindi.

Namba ni fedha

Namba yako ya usajili itunze kama unavyotunza fedha. Wakala akisema, "Niachie namba, mzigo ukifika nitakupigia," usikubali. Anaweza kuchukua mifuko kwa jina lako na kumuuzia mwingine kwa bei ya juu, nawe ukija utaambiwa umekwisha nunua. Lipa, chukua mfuko wako na risiti, ondoka navyo.

Utazame mfuko. Uwe umeshonwa vizuri, una alama za ruzuku, na uzito ni ule ulioandikwa. Mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya, ambao nao huandikisha wakulima na kuwatumia ujumbe wa simu, walipata aibu kubwa: ilibainika kuwa mbolea isiyofikia kiwango ilikuwa imepenya katika mpango wao wa ruzuku, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Mkulima aliyekuwa na risiti alikuwa na la kusema.

Na samadi? Baadhi ya wazee wa Usukuma huichukia mbolea ya dukani, wanasema inachosha ardhi. Wana sehemu ya ukweli. Udongo wetu wa kichanga ukipewa Urea tu mwaka hadi mwaka hudhoofika, na mbolea ya kukuzia ikitupwa katikati ya kiangazi kifupi cha Januari na Februari hupotea hewani. Mwenye zizi asiache kupeleka mkokoteni wa samadi shambani Agosti na Septemba. Lakini ng'ombe wengi ni wa baba na wa ukoo, na mama asiye na ng'ombe hawezi kuambiwa tu akatafute samadi.

Matangazo ya kuandikisha hubandikwa katika ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Huko wanaojaa ni wanaume, kwa sababu saa ya mkutano ndiyo saa ya kuchota maji. Akina mama wa halmashauri ya kijiji, ambao kisheria hawapungui robo ya wajumbe, wanaweza kuomba tarehe zisomwe pia kanisani na msikitini, kliniki ya watoto, na katika vikundi vya kuweka na kukopa.

Ukienda kwa mtendaji, muulize mambo manne: jina langu limo, kwa ekari ngapi, kwa namba gani ya simu, na mwisho wa kurekebisha ni lini. Mwombe akuonyeshe, usiridhike na kuambiwa "umo, mama, usijali." Nenda asubuhi, na usiende siku ya gulio, maana siku hiyo ofisi huwa imefungwa na mtendaji yuko mnadani pamoja na watu wengine wote.